Vim: nikinakili kisha nikafuta, p inabandika nilichofuta

Kibodi_Nyeusi
Wakuu, habari za kazi. Natumia Vim 9 (kihariri cha maandishi) kwenye Ubuntu, zaidi kwa Python. Nina maswali matatu.

Nikinakili mstari kwa `yy`, nikafuta mwingine kwa `dd`, halafu nikabonyeza `p`, kinatoka nilichofuta. Nilichonakili kimekwenda wapi?

Pili, nataka kubadili `jumla` iwe `jumla_kuu` faili zima bila kugusa `jumla_ya_kodi`.

Tatu, nikiwa kwenye seva mtandao ukakatika, nikirudi nikafungua faili nakuta onyo la E325, kwamba kuna faili la `.swp`. Huwa nabonyeza E (hariri tu) naendelea. Ni sawa? Au niweke programu-jalizi gani?

FundiSeva
Naanza na la tatu, maana hilo ndilo litakalokula kazi yako. Acha kubonyeza E.

Unapohariri `ripoti.py`, Vim inaandika pembeni faili lililofichwa, `.ripoti.py.swp`. Kwa kawaida inaandika kila baada ya herufi 200, au ukitulia sekunde 4. Mtandao ukikatika au umeme ukizimika, mabadiliko uliyokuwa hujayahifadhi yamo humo. Ukibonyeza E unafungua faili la zamani, na ukishahifadhi juu yake unabaki na matoleo mawili yanayopingana.

Soma ujumbe kwanza. Ukiona STILL RUNNING mbele ya namba ya mchakato, kuna Vim nyingine imelishika faili hilo. Bonyeza Q utoke, kisha andika `jobs` uone programu zilizosimamishwa. Mara nyingi ni mtu alibonyeza Ctrl-Z (inayoisimamisha Vim) akasahau, na `fg` inairudisha. Kama maneno hayo hayapo, bonyeza R (rejesha), kisha hifadhi kwa jina jingine: `:w ripoti_mpya.py`. Toka, linganisha kwa `diff ripoti.py ripoti_mpya.py`, chukua lililo sahihi, na ndipo ufute `.swp` kwa mkono. Usipolifuta, onyo litarudi kila ukifungua.

Kwa seva, fungua `tmux new -s kazi` kabla ya Vim; tmux inaendeleza kazi kwenye seva hata ukikatika. Mtandao ukikatika, unarudi kwa `tmux attach -t kazi` na kielekezi kiko palepale.

nukta_mkato
La kwanza: hakijapotea. Kila unachofuta kwa `d`, `c` au `x` kinaingia kwenye rejista (mahali Vim inapotunza maandishi) ileile ambayo `p` inasoma. Ila ulichonakili kwa `y` kinabaki pia kwenye rejista 0, na kufuta hakuigusi. Kwa hiyo `"0p`. Kama unajua mapema kwamba unachofuta hukihitaji, `"_dd` inakitupa moja kwa moja. Andika `:reg` uone rejista zote na vilivyomo. Ukiizoea hiyo, nusu ya maswali ya kubandika yanaisha.

La pili:

`:%s/\<jumla\>/jumla_kuu/gc`

Alama `\<` na `\>` ni mwanzo na mwisho wa neno. Kwa Vim mstari wa chini ni sehemu ya neno, ndiyo maana `jumla_ya_kodi` inasalimika. Bila `g` inabadilishwa ya kwanza tu katika kila mstari. `c` inakuuliza kila mara: `y` badili, `n` ruka, `a` zote zilizobaki, `q` acha. Ukibadili njia ya folda, tumia kitenganishi kingine usihangaike na mikwaju: `:%s#/var/www#/srv/www#g`.

Mzee_wa_hjkl
Nakubaliana na wa juu, ila kwa sehemu nne au tano mimi ningetumia nukta. Weka kielekezi juu ya `jumla`, bonyeza `*`. Kisha `cgn`, andika `jumla_kuu`, Esc. Sasa kila ukibonyeza `.` inayofuata inabadilika. Ukitaka kuiona kwanza, bonyeza `n`: ikikufaa `.`, isipokufaa `n` tena. `*` yenyewe inatafuta neno kamili, hivyo hayo mabano yenye ncha huyahitaji.

Programu-jalizi ziache kwanza. Weka hizi mbili kwenye `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim:

`set undofile`
`set undodir=~/.vim/undo`

Folda uiunde mwenyewe kwa `mkdir -p ~/.vim/undo`, Vim haitakuundia, na bila hiyo historia ya mabadiliko haitahifadhiwa. Ikikubali, unaweza kufunga faili leo, ukalifungua kesho na `u` bado ikarudisha nyuma. `:earlier 10m` inakurudisha faili lilivyokuwa dakika kumi nyuma.

Kibodi_Nyeusi
Asanteni sana wakuu, `"0p` imekubali. La nyongeza: wakati mwingine terminali inaganda kabisa, hakuna kitufe kinachojibu. Nalazimika kuifunga.

FundiSeva
Huenda umebonyeza Ctrl-S kwa mazoea ya vihariri vingine. Hiyo si Vim, ni terminali inayosimamisha maandishi. Ctrl-Q inaifungua, na vyote ulivyobonyeza wakati imeganda vitatekelezwa kwa mkupuo, kwa hiyo usibonyeze ovyo. Kuondoa kabisa, weka `stty -ixon` kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali.