Kasi ya maji kwenye mfongo: video ya simu na OpenPIV vinanipa namba ndogo, nakosea wapi?

Mfongo_Juu: Wakuu, msaada. Mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia wa Wachagga) uko Kibosho, Moshi: upana sm 60, kina sm 15. Simu imefungwa kwenye ubao mita 2 juu ya maji, ikitazama chini wima, fremu 30 kwa sekunde. Namwaga pumba za mpunga, kisha OpenPIV (programu inayopima mwendo wa chembe kwa kulinganisha fremu mbili zinazofuatana), dirisha, yaani kipande cha picha kinacholinganishwa, pikseli 32. Inasoma 0.22 m/s, wakati limau linakata mita 5 kwa sekunde 9. Rula niliilaza ukingoni: pikseli 1 = mm 1.

Kokotoa: Limau linakwenda 0.55 m/s. Gawa kwa 30: pumba inahama karibu mm 18 kila fremu, yaani pikseli 18 hivi kwa kipimo chako. Chembe isivuke robo ya dirisha, na robo ya 32 ni 8. Zinatoka nje, programu inaoanisha pumba na jirani yake. Anza na dirisha 128, shuka 64, malizia 32, kila dirisha lipandiane nusu na jirani yake. Au rekodi fremu 60 kwa sekunde. Kila dirisha la mwisho liwe na pumba 5 hadi 10. Zikigandana mafungu, umemwaga vibaya.

Mama Pima: Rula ukingoni ndiyo kosa la pili. Ukingo uko juu ya maji kiasi gani?

Mfongo_Juu: Sm 40, dada.

Mama Pima: Basi rula iko mita 1.6 kutoka kwenye kamera, maji yako mita 2. Pikseli moja majini ni mm 1.25, kwa hiyo unapoteza asilimia 20 ya kasi. Elesha rula juu ya maji yenyewe.

Kokotoa: Maji ya mfongo ni maangavu, mawe ya chini yanaonekana? Hayo hayatembei, yanavuta jibu kuelekea sifuri. Tafuta wastani wa fremu zote, utoe kwenye kila fremu. Kagua pia fremu pacha (picha ileile imejirudia): chini ya migomba simu hupunguza fremu kimyakimya. Na uzime kitulizaji cha video.

Mfongo_Juu: Lita kwa sekunde je? 0.55 × 0.09 (upana mara kina)?

Mama Pima: Hapana, hiyo 0.55 ni kasi ya usoni mwa maji tu. Zidisha kwa 0.85 kupata wastani wa kina: kama lita 42. Hata hizo zimezidi, limau limepita katikati, penye kasi zaidi. Gawa upana vipande sita vya sm 10, kila kimoja na kasi yake na kina chake. Penye majani ukingoni utashangaa maji yanavyolala.