Yamaha XT500 ya mwaka 1978 inauzwa mtandaoni: nichunguze nini kabla ya kulipa?

Mkazi_wa_Upanga

Wakuu, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa pikipiki za zamani. Nipo Dar es Salaam, na nimekuta mtandaoni tangazo la Yamaha XT500 ya mwaka 1978 iliyopo Moshi, ambayo mwenyewe anaitaka shilingi milioni 6. Tangazo lina picha nne, zote za upande mmoja, pamoja na maelezo kwamba pikipiki ilikuwa ya misheni, kwamba baadaye ilinunuliwa na baba yake ambaye sasa ni marehemu, kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na kwamba tangi limepakwa rangi upya. Anasema wapo wateja wengine wawili, hivyo nitangulize laki 5 ili anishikie. Modeli hii naijua kwa sifa tu, kwa kuwa ndiyo aliyoiendesha Cyril Neveu aliposhinda mbio za kwanza za Paris–Dakar mwaka 1979. Kwa umbali huu nichunguze nini, na ni mambo gani yanitoshe kuachana nayo?

Spana_17

Mkuu, kauli kwamba injini haijafunguliwa huandikwa kama sifa, lakini kwa mashine yenye zaidi ya miaka 40 mimi huisoma kama onyo. Sili za mafuta na mipira ya kabureta huchakaa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu, na mpira unaounganisha kabureta na kichwa cha silinda ukishapasuka, injini huvuta hewa kupita kiasi, petroli inakuwa pungufu, na joto linapanda hadi kuharibu pistoni.

Mwombe video isiyokatwa, inayoanza injini ikiwa ya baridi, huku ameiwekea kiganja kuthibitisha kwamba hakuipasha moto kabla. Kisha tazama mguu wake. XT500 ni silinda moja ya sentimita za ujazo 499 na haina stata. Anayeijua hushika kwanza kile kiwiko kidogo cha kupunguza mgandamizo, akashusha kiki polepole hadi alama itokee kwenye kidirisha cha kichwa cha silinda, akaachia kiwiko, ndipo akapiga kiki moja ya nguvu. Anayeipiga kiki mfululizo kwa pupa huenda ni dalali asiyewahi kuiendesha, na hadithi ya baba yake uipokee kwa tahadhari.

Kuhusu mafuta ya injini, modeli hii huyahifadhi ndani ya bomba la fremu. Ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, mafuta huweza kushuka taratibu hadi kwenye injini, na asiyejua akipima fremu ataona ni tupu, ataongeza, na matokeo yake ni mafuta kupita kiasi na sili kuvuja. Kipimo sahihi huchukuliwa baada ya injini kuwaka na kupata moto.

Rangi mpya ya tangi isikufurahishe. Wengi hupitisha sumaku kutafuta puti, yaani ule udongo wa kuzibia matundu na mabonde kabla ya rangi, lakini baadhi ya XT500 zina tangi la alumini ambalo sumaku hailishiki hata likiwa zima, kwa hiyo ni afadhali apige picha ya ndani ya tangi kwa mwanga wa tochi. Aoneshe pia tarehe ya tairi: tairi zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 zina tarakimu nne za wiki na mwaka, na ukikuta tatu ujue ni za kabla ya hapo, nawe uweke gharama ya tairi mpya kwenye hesabu yako.

Mzee_wa_Magomeni

Mimi nina neno moja tu, nalo ni juu ya hiyo laki 5. Watanzania wote tumewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na tunaucheka, lakini akija mtu na picha nzuri ya pikipiki tunayoitamani, tunatuma wenyewe bila kushurutishwa. Wateja wengine wawili huwapo katika kila tangazo. Kama wapo kweli, waache wanunue.

Karani_Mstaafu

Kabla ya injini, ndugu, naomba kuuliza: kadi ya pikipiki ina jina la nani, na namba ya fremu na ya injini zilizoandikwa humo zinasomekaje?

Mkazi_wa_Upanga

Nashukuruni sana. Amenitumia picha ya kadi. Jina lililomo ni la misheni, wala si la baba yake. Namba ya fremu inalingana na ile ya kwenye picha ya shingo ya fremu, lakini namba ya injini ni tofauti kabisa na iliyo kwenye kadi. Anasema hilo ni la kawaida kwa pikipiki za Kijapani.

Spana_17

Kwa Honda ni kweli kwamba namba mbili hizo kwa kawaida hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Lakini hapa tunalinganisha injini na kadi, na hilo ni jambo jingine: injini imebadilishwa. Yamaha ilitoa SR500 mwaka 1978 ikiwa na injini iliyotokana na ya XT500, kwa hiyo inaweza kuwa imetoka huko. Atazame chini ya kifuniko kama kuna platini, yaani zile swichi ndogo zinazogusana na kuachana ili kuwasha cheche ya plagi. SR500 haikuwa nazo, ilitumia mfumo wa kielektroniki wa kuwasha. Na ikiwa imebadilishwa, basi ile sifa ya kutofunguliwa imekufa.

Karani_Mstaafu

Naona hapa kuna matatizo mawili yaliyobebana. La kwanza ni mirathi. Muuzaji hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana, na mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama mtoto ndiye anayeilaza pikipiki nyumbani kwake. Zaidi ya hayo, marehemu mwenyewe hakuwahi kuhamisha jina, hivyo lazima uwepo mkataba wa mauziano kati yake na misheni, au barua ya misheni inayokiri kwamba ilimuuzia.

La pili ni kodi. Taasisi za dini na miradi ya wafadhili mara nyingi ziliingiza vyombo kwa msamaha wa kodi, na chombo cha namna hiyo kikihamia kwa mtu asiyestahili msamaha, kodi huweza kudaiwa. Muuzaji anataja misheni ili upande bei, ilhali afisa wa TRA, yaani mamlaka ya mapato, akiiona kwenye kadi atauliza kodi ililipwa lini. Peleka nakala ya kadi katika ofisi ya TRA kabla hujalipa chochote, uulize kama namba hiyo ya usajili ipo kwenye mfumo wa sasa, na injini iliyobadilishwa itaandikishwa kwa nyaraka gani. Angalia pia faini za trafiki zinazodaiwa kwa namba hiyo. Akikupatia barua ya misheni na uthibitisho wa msimamizi, nenda Moshi na fundi wako, mlipane ana kwa ana mkiwa na mashahidi; akisema karatasi zitafuata baadaye, usikate tiketi.