Sigara moja moja zipigwe marufuku kwenye mialo ya Mwanza? Karibuni tujadili

Wakuu, naweka mezani hili la vijana na fegi, na natangulia kusema upande wangu tusije tukazungushana: sigara isiuzwe moja moja. Anayeitaka anunue pakiti nzima, au aiache.

Nasema hivyo kwa ninayoyaona mwaloni Igombe asubuhi. Mitumbwi ya dagaa ikitua, vijana waliokesha ziwani wanapanda moja kwa moja kwenye vibanda. Dirishani kiberiti cha gesi kimefungwa kamba, kinaning'inia, na pakiti iliyofunguliwa imesimamishwa kando ya pipi na bigijii. Sarafu tu inatosha. Kuna watoto wanaoanika dagaa na mama zao pale. Siku wakipata sarafu yao, nani atawauliza umri? Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Ipo kwenye makaratasi.

Majirani zetu wa ziwa hili hili wameshatangulia. Uganda, kwa sheria ya 2015, wamepandisha umri hadi 21 na kukataza kuuza moja moja. Kenya, tangu sheria ya 2007, pakiti haitakiwi kupungua sigara 10. Sisi tunangoja nini?

Mama wa kibanda, Igogo:
Kaka umeongea vizuri ila umenigusa pabaya. Faida ya sigara kwangu ni ndogo, lakini ndiyo inayomleta mteja. Akija kuchukua fegi anaondoka na maandazi na vocha. Nikiitoa mimi anahamia kwa jirani na maandazi yangu yanalala. Halafu fikiria: kijana wa kuvuta mbili kwa siku ukimlazimisha pakiti, unadhani ataitunza? Ataimaliza na wenzake kabla jua halijazama. Hiyo moja moja ndiyo inayombana. Mtoto wa shule simuuzii, hata aseme katumwa na baba yake.

Msafirishaji wa samaki:
Mkuu, Kampala naingia mara kwa mara na moja moja zinauzwa barabarani mchana kweupe. Shisha nasi tuliipiga marufuku 2016. Haya, mwenye macho aniambie imekwisha. Tena tumbaku inalimwa Tabora na Kahama hapo, watu wanasomesha watoto. Tusijifanye.

Mvuvi wa dagaa:
Mnaojadili hapa mmeshawahi kukesha ziwani? Taa zinaelea, upepo unapiga, usingizi unakuvuta shati, na ukilala tajiri mwenye mtumbwi anakukata pesa. Mimi fegi ya kwanza sikuinunua kibandani. Nilipewa mtumbwini na wakubwa, wakaniambia vuta upate joto. Mpaka leo tajiri akipakia mafuta na unga anapakia na pakiti zetu. Sasa hiyo marufuku ya moja moja itanikuta wapi? Kuacha natamani, nimejaribu, arosto inanipanda usiku wa manane naomba pafu kwa mwenzangu.

Muuguzi, Nyamagana:
Mdogo wangu mvuvi, hilo la joto walikudanganya. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, hivyo vidole vinazidi kupoa. Nayo inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu, ndiyo maana unahisi umeamka. Ikishuka, mwili unadai tena. Unachokiita kuchangamka sehemu kubwa ni deni la fegi iliyopita.

Kuacha usianzie kwenye giza, zile siku zisizo na mwezi mnapokesha ziwani. Anzia mbalamwezi, siku ambazo hamuendi ziwani. Arosto huwa kali zaidi siku mbili tatu za mwanzo, na kila ikipanda hudumu dakika chache halafu inashuka yenyewe. Dakika hizo kunywa maji, tafuna kitu, ondoka walipo wavutaji. Ukirudi kwenye giza umeshavuka pagumu, ingawa hamu itakuja tena. Zipo pia bigijii za nikotini, WHO imeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Nenda kaziulize maduka yetu ya dawa uone utakavyotazamwa. Hapo ndipo ningependa kelele zipigwe, kuliko kwa mama wa Igogo.

Mleta mada:
Mvuvi kaongeza kitu ambacho sikuwa nacho. Kumbe mlango ni miwili: kibanda na posho ya mtumbwi. Basi nasema yote mawili. BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, wanazuia nyavu haramu, wanashindwaje kusema pakiti isiingie kwenye posho, tajiri aweke kahawa na sukari kwa pesa hiyo hiyo?

Kwa mama, hoja ya pakiti kuvutwa zote naikubali kwa aliyekwishazoea. Mimi nambana anayeanza. Kijana wa miaka 15 hana pesa ya pakiti, na hicho ndicho ninachokitaka. Wa Kampala naye: sheria kuvunjwa si sababu ya kutokuwa nayo. Nyavu haramu nazo zinaingia ziwani kila siku, mbona hujasema tuziruhusu?

Mvuvi wa dagaa:
Tajiri wangu mwenyewe anavuta. Kahawa atasema inamaliza mkaa.

Mama wa kibanda, Igogo:
Na hao BMU mnaowatuma kukagua, nao ni wateja wangu wa moja moja. Anzeni nao.