Redio ya Baba

Kikundi: UKOO WA KAMACHUMU – DAR
Jumapili, 3 Mei 2026

Dada Koku, 19:02
Shikamooni wakubwa, wadogo habari za jioni. Nakumbusha tena. Mchezo wa jukwaani wa Kemi ni Alhamisi tarehe 21 Mei, saa 1 jioni, ukumbi wa Nafasi, Mikocheni. Siku hiyo Baba anatimiza miaka 30 tangu atutoke. Nataka majina ya wanaokuja na mchango wa Kosta, elfu kumi kila mtu, namba ileile ya kikoba. Mpaka sasa wametoa wanne.

Dada Koku, 19:40
Naona tiki za bluu kumi na saba. Jamani.

Anko Rweye, 19:44
Kosta ya nini? Mimi niko Kimara, napanda mwendokasi mpaka Morocco, nadaka bajaji, nafika nyie bado mko kwenye foleni 😂

Dito, 19:45
Senene zitakuwepo? Mtu asije akalia na njaa

Anko Rweye, 19:46
Za Kamachumu au hizi za mjini zilizokaangwa na mafuta ya juzi

Dito, 19:46
Mae waitu! Usizitukane

Dada Koku, 19:52
Naomba tusiende kwenye senene. Jana nilikwenda kumwona Kemi mazoezini. Jukwaani kuna kigoda, redio aliyoitengeneza kwa boksi, na sahani imefunikwa kawa. Basi. Yuko peke yake karibu saa nzima. Akijifunga kanga kiunoni ni Mama. Akijitanda ni Shangazi. Akiitupa begani ni yule jirani wa Magomeni aliyekuwa anakuja kila saa kuuliza kama kuna habari. Kanga hiyohiyo moja. Ilipofika sehemu ya Alhamisi nilitoka nje.

Kemi, 19:55
Nilikuona ukitoka Dada. Sikusimama, maana nikisimama pale siwezi kurudi.

Dito, 19:56
Alhamisi ndiyo ipi?

Kaka Deo (Arusha), 20:03
Wewe hukuwa umezaliwa. MV Bukoba ilizama Jumanne asubuhi, wamebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Baba alikuwa aunganishe treni ya kuja Dar, tulimtegemea Alhamisi. Mama alishaambiwa siku ileile. Redio ilikuwa inasema kutwa, Rais Mkapa ametangaza siku tatu za maombolezo, nyumba imejaa watu. Alhamisi jioni akaingia jikoni akapika ndizi, akapakua, akafunika kawa. Hakuna aliyethubutu kuigusa ile sahani.

Dito, 20:04
🙏🏾

Shangazi Justa, 20:31
Nimesoma yote. Kaka yangu yuko Igoma, Mwanza, walikozikwa wa meli ile, Baba Mkubwa wenu alimzika kwa mikono yake. Leo mnamuuzia tiketi? Watu wapige makofi? Mama yenu anawekwa kwenye mataa na uchungu wake ili wageni wamtazame? Na nasikia mimi pia nimo. Nani alikuja kuniomba?

Kemi, 20:47
Shikamoo Shangazi. Mama nilimwomba. Nimekaa naye jikoni miezi minne na daftari, akisema "hili usiseme" silisemi. Wewe sikukuomba. Hilo ni kosa langu na nimelikosa nikiwa na akili zangu, hata Bagamoyo chuoni tulilikanywa. Naomba radhi, kesho nije Tabata tukae.
Makofi sijayaomba. Kiingilio ni cha ukumbi na fundi wa taa. Idadi ya waliokufa siitaji popote, nasema habari za mmoja tu. Nilikuwa na miezi saba Shangazi. Nyote humu mna sauti ya Baba masikioni, mimi sina. Ndiyo maana kwenye mchezo kila mtu anasema, yeye peke yake ndiye hasemi.

Anko Rweye, 20:52
Sauti yenyewe kanisani ilikuwa inamaliza ubeti wakati kwaya bado iko mstari wa pili 😂😂 Padre anasimama anamngoja

Kemi, 20:53
Hilo sikuwahi kuambiwa. Anko usilale, nakupigia.

Dito, 20:54
Kumbe Anko na wewe ulikuwa kwaya?? 😂

Dada Koku, 20:58
Tumalize la redio. Kemi anacheza na boksi wakati redio ya Baba ilikuwepo. National, bendi tatu. Aliyenayo anajijua.

Shangazi Justa, 21:01
Koku. Umefika huko?

Dada Koku, 21:09
Nimefika Shangazi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Siku ya kuanua matanga vitu vilipita mbele yangu mlangoni, baiskeli, koti, redio, na Mama ameketi mkekani hajainua uso. Kabla ya hapo aliambiwa mjane hasafiri. Wanaume wakaenda Mwanza, yeye akabaki Magomeni na sahani yake. Miaka yote hii nawapikia sikukuu na kuwakusanyia michango na sijalisema. Leo nimelisema.

Shangazi Justa, 21:11
*Ujumbe huu umefutwa*

Kaka Deo (Arusha), 21:12
Dada taratibu. Baba Mkubwa yumo humu.

Dada Koku, 21:12
Najua yumo.

Jumatatu, 4 Mei 2026

Baba Mkubwa (Kamachumu), 06:12
Naandikiwa na mjukuu. Nimesomewa yote.
Justa, enanga unaikumbuka. Mtu mmoja na kinanda chake, usiku kucha. Mfalme anasema, mke anasema, marehemu anasema, wote kwa mdomo wake mmoja. Hatukumwambia anauza misiba. Tulimmiminia rubisi akaendelea. Mwacheni mtoto afanye kazi yake.
Redio iko kwangu juu ya kabati. Sijaiwasha hata siku moja. Niliichukua kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha mdogo wangu.
Na Mwanza nilikwenda. Nilitazama siku tatu, mmoja mmoja. Sikumpata. Niliporudi nilisema nimemzika ili Mama Koku apate usingizi. Sikumzika. Huenda yuko Igoma na wenzake, huenda yuko ziwani. Hilo nimelibeba, sasa nimezeeka.

Anko Rweye, 06:50
🙏🏾

Dada Koku, 07:35
Shikamoo Baba Mkubwa.

Kaka Deo (Arusha), 07:41
Mama kasoma?

Dada Koku, 07:42
Kasoma tangu 06:20. Kemi, uko naye?

Kemi, 07:44
Niko njiani naenda. Hapokei simu. Mchezo wangu unamalizikia Baba Mkubwa anarudi kutoka Mwanza anasema amemzika. Sijui sasa nifanye nini na pale mwisho.

Dito, 08:02
Samahani kuingilia. Kuna binamu anatoka Bukoba Ijumaa na zile senene, anashukia stendi ya Magufuli. Anaweza kuja na redio

Anko Rweye, 08:05
Redio aipakate. Senene ndiyo ziende kwenye buti.

Dada Koku, 08:06
Apitie Kamachumu au iletwe Bukoba mjini? Nani anampigia? Dito jibu.

Mama, 09:14
Shemeji nilijua. Ulirudi na viatu visafi. Aliyezika harudi hivyo. Nilinyamaza ili na wewe ulale.
Redio swichi ya kubadili bendi ilikatika, tulikuwa tunageuza kwa kijiti cha kiberiti. Inakula betri kubwa nne. Mwambieni huyo kijana asiiweke chini ya mizigo.

Kaka Deo (Arusha), 09:15
Mama

Kemi, 09:31
Nimefika. Tuko jikoni.

Dada Koku, 10:20
Waliotoa sasa ni saba. Kosta haiwezi kuondoka Mbezi na watu saba. Deo unakuja au hauji? Dito bado hujanijibu la binamu.

Shangazi Justa, 11:02
Kosta inapita Tabata?

Dada Koku, 11:03
Inaweza kupita Shangazi. Sijaongea na dereva.

Shangazi Justa, 11:05
Sijasema nakuja. Nimeuliza.