Mwalimu wa Kihispania amenidhalilisha kwa kitenzi kimoja, tena mbele ya darasa zima

Mleta uzi:
Ndugu wanajamvi, ninaandika huku mikono ikitetemeka. Yule mwalimu mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo nilinyoosha mkono kwa heshima zote ili nimwambie kwamba ninapenda namna anavyofundisha, nikasema "Me gustas". Akavua miwani, akanitazama kwa huruma, akajibu: "Asante, lakini nimeolewa."

Nimeolewa! Darasa liliangua kicheko hata ubao ukatikisika. Kumbe maneno yale humwambia mtu kwamba umevutiwa naye kimapenzi, na nilipaswa kusema "Me gustan sus clases" (ninapenda masomo yako), au angalau "Usted me cae bien" (ninakuona mtu mzuri). Ni lugha gani hii ambayo kitabu ndicho mtenda, na msomaji aliyekipenda anasukumwa pembeni awe mtendewa? Ukisema "Yo gusto los libros" umeharibu. Sharti useme "Me gustan los libros", kitenzi kifuate wingi wa vitabu ilhali anayependa ni mimi peke yangu. Hayo ningeyasamehe. "Nimeolewa" sitaisamehe mpaka kaburini.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, lugha hiyo ni hii hii unayotulalamikia kwayo. Tangu utotoni husemi "ninauma kichwa", unasema "kichwa kinaniuma", naye Mhispania anasema "me duele la cabeza". Vitabu vinakupendeza, na ngeli ya vitabu ndiyo inayotawala kitenzi. Umetongoza bila kukusudia, ukakataliwa bila kuomba, usiisingizie sarufi.

Mchangiaji wa 2:
Huyo huyo aliwahi kuniumbua. Nilisema "Me encanta mucho", akaniuliza hiyo "mucho", yaani "sana", ni ya kazi gani wakati "encantar" imekwisha kubeba mapenzi yote ndani yake. Sikufungua mdomo wiki nzima.

Mchangiaji wa 3:
Afadhali ninyi. Mwenzangu alisema "No me gusta el frío", yaani hapendi baridi, nami nikaitikia "Yo también" (mimi pia). Nikaambiwa kwamba nimetamka maneno mawili na kukosea yote mawili: "yo" haifai kwa sababu baridi ndiyo mtenda, na "también" haifai kwa sababu kauli ni ya kukanusha. Jibu lilikuwa "A mí tampoco" (hata mimi sipendi).

Mchangiaji wa 4:
Mimi nimehamia upande wa chuki. "Odio" na "detesto", yaani "ninachukia", ni vitenzi vya kawaida ambavyo mtenda wake hukaa mahali pake, na tangu nilipoligundua hilo, darasani sipendi kitu chochote. Ninachukia tu, tena kwa ufasaha.

Mchangiaji wa 2:
Basi nielezeni "Me gusta bailar y cantar". Mambo ni mawili, kitenzi kiko katika umoja. Hapo hamwoni dhuluma?

Mchangiaji wa 1:
Vitenzi-jina huhesabiwa umoja hata vikiwa kumi. Wewe mwenyewe husema "kucheza na kuimba kunanipendeza", na hujawahi kumfungulia mtu uzi.

Mchangiaji wa 3:
Hata hivyo, "tampoco" inauma zaidi.

Mleta uzi:
Jamani, ninaomba turudi kwenye "nimeolewa".

Mchangiaji wa 4:
Nani ameolewa?