Mjadala: Juliet mweusi ana kosa gani?

Wadau, mwaka 2024 kampuni ya maigizo ya Jamie Lloyd ya London ilimtangaza mwigizaji mweusi Francesca Amewudah-Rivers kuwa Juliet katika Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare, pembeni ya Romeo wa Tom Holland, yule wa Spider-Man. Binti huyu alisomea muziki Oxford, akaonekana kwenye vichekesho vya BBC, Bad Education, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaa la West End, eneo la kumbi kubwa za maigizo London. Hajatamka neno hata moja mbele ya watazamaji, matusi ya rangi yakammiminikia mtandaoni. Aprili kampuni ikatoa tamko la kuyalaani, na waigizaji zaidi ya 800, wengi wao wanawake weusi, wakatia saini barua ya wazi ya kumtetea.

Mimi nasema nafasi ile ilikuwa haki yake, na hoja za kumpinga hazisimami.

Wanasema Juliet ni Mtaliano. Sawa, na Holland je? Naye si mtu wa Verona, mji wa Italia kisa kinapotokea. Enzi za Shakespeare Juliet alichezwa na mvulana aliyevaa gauni, maana wanawake hawakuanza kuigiza kwa malipo majukwaani Uingereza hadi baada ya 1660. Aliyeisoma Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare, kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere hakusimama kuuliza wale watu wa Venisi wamejulia wapi lugha yetu.

Wengine wanashika mstari ambapo Romeo anamfananisha Juliet na kito kinachong'aa kwenye sikio la Mhabeshi, wakidai maana yake Juliet ni mweupe. Huo ni ushairi wa kijana aliyepagawa kwa mapenzi usiku wa sherehe. Haukuandikwa kuwa cheti cha kuzaliwa.

Hoja nzito ni ya ndugu zetu wenyewe: Mzungu akicheza Kinjeketile mtanyamaza? Hapana, sitanyamaza. Kinjeketile, yule wa vita vya Maji Maji, alikuwepo kweli, na rangi ya waliomnyonga ndiyo kiini cha kisa chake. Ugomvi wa akina Montague na Capulet, jamaa za Romeo na Juliet, ni wa koo mbili tu, na mwandishi hakutuambia hata ulianzia wapi.

Tena tusidanganyane kwamba watu wanalinda maandishi. Mwaka 1833 Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, alicheza Othello wa Shakespeare katika ukumbi wa Covent Garden, London. Othello! Mhusika ambaye weusi wake umo ndani ya maandishi. Magazeti ya London yakamshambulia vilevile, na baada ya maonyesho mawili akaondolewa. Hapo kisingizio cha "mwandishi hakukusudia" kilikuwa wapi?

Sasa kuna jambo linaloniuma zaidi, na hapa ndipo nataka michango yenu. Tiketi ziligombewa kwa jina la Holland, zikaisha ndani ya saa chache. Faida ikaenda kwa wenye ukumbi na watayarishaji, matusi yakamwangukia binti anayeanza kazi. Tamko lilikuwa jema, lakini kampuni inayomweka msanii mchanga kando ya nyota wa dunia inajua mapema umati gani unakuja. Je, ulinzi wake, wa mitandaoni na wa mlangoni, na mtu wa kuzungumza naye usiku baada ya onyesho, visiandikwe kwenye mkataba kabla jina halijatangazwa? Mnaofanya kazi za jukwaani, Dar, Nairobi au huko London, mikataba yenu inasemaje?