Naomba ushauri: nikishacheka, binti yangu anajua ameshinda

Ndugu wanachama, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu binti yangu wa miaka 4, ambaye akishaamua jambo hakuna wa kumtoa hapo.

Juzi alivaa viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, na nilipomwambia avibadilishe aliweka mikono kiunoni, akanitazama, akasema kwa utulivu kabisa: "Mama, viatu vyenyewe havijalalamika." Nilicheka hadi machozi yakanitoka, naye akatoka navyo hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, kila ninapomkataza jambo hutafuta kwanza neno la kunichekesha.

Nimejaribu kujikaza, lakini hunisoma machoni. Nimempa uchaguzi wa mambo mawili, na hilo husaidia wakati wa kuvaa, ila wakati wa kulala huchagua la tatu alilolibuni mwenyewe. Hata hivyo, nikiufanya mswaki ubishe hodi na kuomba ruhusa ya kuingia mdomoni, hutii bila ubishi wowote, ndiyo maana sitaki kabisa kuufuta utani nyumbani mwetu. Kejeli siitumii, kwa kuwa mtoto wa umri huu huyachukua maneno jinsi yalivyo na huweza kuumia.

Je, mzazi aliyekwisha kucheka anarudije kwenye agizo lake bila kumfanya mtoto aone kuwa uchangamfu wake ni kosa? Na baba yake, anayeamini kuwa utani unamdekeza, tukubaliane naye vipi ili mtoto asipate majibu mawili kwa jambo moja?

Natanguliza shukrani.